Cha Mvunguni

Chumba tulichokulia pale Kariakoo kilikuwa kimoja kati ya vyumba sita vya nyumba ya Kiswahili: vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, na ukumbi mrefu katikati unaotokea uani. Humo tulilala watu watano, na humo humo ndimo lilimokaa jiko zima la mama yangu. Sisemi kwamba alipikia ndani. Kupika kulifanyika uani, kila mpangaji na jiko lake la mkaa. Lakini uani hakuachwi kitu. Sufuria inayolala uani huamkia kwa mwingine. Basi kila usiku, vyombo vikishaoshwa, vilirudi chumbani na kuingia mvunguni mwa kitanda cha wazazi. Zilikuwa sufuria saba zilizoingiana moja ndani ya nyingine, ile kubwa ikizibeba zote. Vifuniko vilisimama vimeegemea ukuta, mwiko na upawa vikawekwa juu, na mbuzi ya kukunia nazi, ikiwa imekunjwa, ikalazwa kando.

Mimi ndiye niliyetumwa kuvitoa. Nilipolalamika mama alinijibu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nami kwa miaka mingi niliamini kwamba methali ile ilitungwa kwa ajili ya sufuria.

Katika kurasa hizi nimeamua kuzihakiki sufuria. Najua wapo watakaocheka. Tumezoea uhakiki wa riwaya, wa tamthilia na wa ushairi, na tunaona kuwa vitu hivyo vina watunzi, kwa hiyo vinastahili kupimwa. Lakini sufuria nayo ina mtunzi. Kuna mtu aliyekaa akaamua kimo chake, unene wake, mdomo wake na mkono wake. Alipokuwa akiamua alikuwa na picha kichwani ya mtu atakayeitumia: ni nani, anapikia watu wangapi, anapika nini, juu ya moto gani. Riwaya mbaya tunaweza kuifunga na kuirudisha rafuni. Sufuria mbaya tutakutana nayo tena jioni.

Aina ninayotaka kuizungumzia ni ile inayotangazwa kwamba inaokoa nafasi, yaani vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya majiko madogo. Swali langu ni moja tu. Nafasi hiyo inayookolewa, inalipwa na nani?

Yafaa kuanza mbali kidogo, kwa sababu jiko dogo la kisasa lina historia, na historia yenyewe ina mguu mmoja katika nchi zetu. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, palikuwa na mpango mkubwa wa kujenga nyumba za wafanyakazi chini ya msanifu majengo Ernst May. Msanifu mwenzake, mwanamke wa Austria aliyeitwa Margarete Schütte-Lihotzky, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 2000, alipewa kazi ya kubuni jiko la nyumba hizo. Alilolibuni lilikuwa na upana wa kiasi cha mita 1.9 na urefu wa kiasi cha mita 3.4. Alijifunza kutoka majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, ambamo wapishi wachache huwalisha abiria wengi katika nafasi finyu. Alihesabu hatua za mpishi, akapanga meza, sinki na jiko la gesi vifikiwe bila kutembea ovyo. Aliweka ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, na madroo ya alumini ya unga, mchele na sukari, kila moja na jina lake. Majiko ya namna hiyo yalijengwa kiasi cha 10,000, na makabati yaliyopangwa ukutani katika fleti zetu leo ni wajukuu wa jiko lile.

Ernst May mwenyewe alifika huku. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika akalima, kisha akaenda Nairobi kurudia kazi yake ya usanifu. Hoteli ya Oceanic iliyokuwa Mombasa na jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kampala ni kazi zake. Sisemi kwamba alituletea jiko la Frankfurt mfukoni. Nasema tu kwamba fikra hizi si ngeni kwetu kama tunavyodhani, na kwamba tuna haki ya kuzijadili kama watu wanaohusika.

Lile jiko la Frankfurt nalisifu. Mwanamke wa kibarua aliyekuwa akipika katika chumba kile kile walicholala watoto na kukaushia nguo alipata mahali pa kazi penye mwanga, maji na utaratibu. Hilo si jambo dogo. Lakini jiko lile lilimtosha mtu mmoja. Wa pili akiingia, wanagongana. Mpishi aliyemo kichwani mwa msanifu yuko peke yake, anapikia familia ndogo, na mlango wake umefungwa. Tena Schütte-Lihotzky, alipokuwa mzee, hakuficha kwamba kabla ya kubuni jiko lile hakuwahi kupika. Simlaumu, alisoma, akauliza, akapima. Lakini mtu asiyepika hupima hatua za miguu, kwa sababu hizo zinaonekana. Nguvu ya kiganja hajui kwamba nayo ni ya kupimwa.

Sasa nije kwangu. Binti yangu alipoolewa na kuhamia fleti hapa Dar es Salaam, nilikwenda kulitazama jiko lake nikaona mara moja kwamba halina nafasi. Ukifungua mlango wa friji huwezi kufungua kabati. Nikaingia dukani na kumnunulia seti iliyotoka Ulaya: sufuria tatu na kikaango, zote zikiingiana, zote zikitumia mpini mmoja wa kuchomoa. Kiwanda sitakitaja, kwa sababu wazo hilo si la kiwanda kimoja. Niliilipia kwa awamu tatu. Siku nilipoipeleka nilijiona mama mwerevu.

Ningekuwa mhakiki mbaya kama nisingeisifu kwanza. Kwa mtu anayepika chai, mayai, tambi na mchuzi wa watu wawili, seti ile ilikuwa nzuri. Ilikaa kabatini katika nafasi ya sufuria moja. Chakula hakikuganda. Mpini ukishachomolewa, chombo kinaweza kuingia jiko la kuokea au kwenye friji, na mezani hakimgongi mtu kwa mkono wake mrefu. Mwaka mzima binti yangu aliipenda.

Kisha akajifungua, nami nikaja kumlea siku arobaini. Siku ya kumi na mbili wakaja watu wa ukweni kutoka Korogwe, watu tisa, bila taarifa, kama inavyopasa. Nilimwambia alale, nitapika mimi. Akakataa. "Mama, wewe mshike mtoto, nisije nikaonekana mvivu mbele ya mama mkwe." Akateleka maji ya ugali katika sufuria kubwa kuliko zote katika ile seti, nayo haikuwa kubwa. Ikambidi asonge mara mbili.

Ule wa pili ndio uliomshinda. Msomaji aliyewahi kusonga ugali wa watu wengi anajua kazi yake ilivyo. Unga ukishakaza, mwiko hauzungushi ugali peke yake, unataka kuizungusha na sufuria. Mkono mmoja unasukuma na mwingine lazima uzuie, tena si kwa kuinua bali kwa kupinga msokoto. Mpini wa kuchomoa umebuniwa kuinua. Una meno mawili yanayobana mdomo wa sufuria, moja ndani na moja nje, na kwa kuinua meno hayo ni imara kabisa. Kwa msokoto ni mahali padogo mno pa kushikia. Mpini ulifyatuka. Sufuria ikageuka juu ya jiko, na ugali wa moto ukamwangukia binti yangu kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

Sitaeleza zaidi. Ugali haumwagiki ukaisha kama maji, unanata. Kovu analo mpaka leo, na mtoto alikuwa mikononi mwangu, mlangoni, hatua mbili kutoka pale. Nilitafakari sana baadaye kwamba kama angekubali kulala ningekuwa mimi pale jikoni, na mtoto angekuwa na mama yake. Lakini zawadi ingekuwa ile ile, nami ndiye niliyeinunua.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa kiwanda, ya pili kwangu mwenyewe. Zilipopoa zote mbili ndipo nilipoanza kufikiri. Seti ile haikuwa imetengenezwa vibaya. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya jiko dogo lililomo ndani ya nyumba ndogo. Mbunifu alidhani kwamba mtu mwenye jiko la hatua tatu ana watu wawili au watatu mezani. Huko alikotoka pengine ndivyo ilivyo. Kwetu udogo wa jiko hauna uhusiano wowote na idadi ya watu watakaokula. Jiko letu ni dogo kwa sababu kodi ni kubwa. Undugu haukupunguzwa kwa sababu hiyo. Mama yangu alikuwa na mvungu wa kitanda tu, lakini sufuria yake kubwa iliweza kulisha msiba.

Hapa ndipo niliporudi kuzitazama zile sufuria saba kwa jicho jipya. Ile ya alumini isiyo na mkono, yenye mdomo mpana uliopindwa nje na kifuniko bapa kama sinia, huonekana kama chombo cha maskini ambacho hakuna aliyekibuni. Si kweli. Itazame. Haina mkono kwa sababu moto wa mkaa haukai chini ya sufuria kama wa gesi, hupanda kandokando. Mkono wa plastiki ngumu ukiwekwa hapo huungua, na wa chuma huwa moto kama jiko lenyewe. Mkono mrefu pia huelemea upande mmoja, na chombo chepesi kisicho na kitu kikiwekwa juu ya jiko la mchina au mtungi mdogo wa gesi hupinduka. Mdomo uliopindwa unaipa alumini nyembamba nguvu isibonyee, na ndio unaoshikwa kwa kitambaa. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma, na inapitisha moto vizuri. Kifuniko kinaweza kuwa sahani, kinaweza kubeba makaa juu ya wali, na kikigeuzwa kinapepetea mchele wa kikombe kimoja.

Kisha hesabu ya nafasi. Chukua sufuria kubwa yenye upana wa sentimita 36, na ndogo yenye 18. Kama hazina mikono, kila moja ikipungua sentimita tatu kuliko iliyotangulia, utapata saba: 36, 33, 30, 27, 24, 21, 18. Zote zinalala ndani ya ile ya kwanza. Sasa zipe kila moja masikio mawili mafupi, tuseme sentimita tatu tu kila upande. Ili ndogo iingie ndani ya kubwa pamoja na masikio yake, ni lazima ipungue si chini ya sentimita sita. Utapata nne: 36, 30, 24, 18. Masikio hayo madogo yamekula sufuria tatu. Ndiyo maana sufuria zisizo na masikio ni rahisi zaidi kupangwa. Aliyeondoa mkono alijua anachofanya.

Nilipofika hapo nilitaka kumaliza insha hii kwa kuisifu sufuria ya mama na kuwacheka wabunifu wa Ulaya. Ingekuwa insha ya kupendeza, nayo ingekuwa ya uwongo. Maana nilipozikumbuka sufuria zile nilikumbuka na vidole vya mama. Ncha za kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili, zilikuwa ngumu, zinang'aa, hazina alama. Aliweza kuinua kifuniko cha moto bila kitambaa, nasi watoto tuliona ni ushujaa. Ushujaa gani? Ngozi ilikuwa imeungua mara nyingi hata ikaacha kulalamika. Dada yangu wa pili ana kovu la maji ya maharage kwenye paja, tangu alipokuwa na miaka saba, kwa sababu tambara lililoshika mdomo wa sufuria lilikuwa na unyevu, na unyevu hugeuka mvuke. Uani pale hakuna mwanamke aliyekuwa hana alama.

Basi sufuria isiyo na mkono nayo inaokoa nafasi kwa kumlipisha mtu, na anayelipa ni yule yule. Tofauti ni kwamba bei yake tumeizoea. Mpini uliofyatuka ulituudhi kwa kuwa ni kitu kigeni, kumbe tambara limewaunguza wengi zaidi katika ukoo wetu na hatukuwahi kulilaumu. Tuliwalaumu walioungua. "Huna mikono ya kupikia," ndivyo tulivyoambiwa. Ile methali ya mama naiona kwa namna nyingine pia. Ni kweli kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini katika nyumba yetu watu watano walikitaka cha mvunguni, na walioinama walikuwa mama na sisi binti zake. Hakuna mvulana aliyetumwa.

Je, hakuna chombo kinachookoa nafasi bila kumwonea mtumiaji? Kipo, nacho kilikuwa mvunguni mule mule. Ni mbuzi. Ikikunjwa ni ubao uliolala, inatundikwa ukutani au inasukumwa chini ya kitanda. Ikikunjuliwa inakuwa kiti, na uzito wa anayekikalia ndio unaoizuia isitikisike wakati ananyoa nazi. Yaani aliyeibuni aliutazama mwili mzima wa mkunaji, jinsi anavyokaa, mikono yake inavyofika, nguvu inavyotoka. Haikupunguza kazi ya chombo ili kupunguza ukubwa wake. Ina meno yanayokata, na mtoto hafai kuachiwa, lakini haimfanyi mtu alipe kwa ngozi kila siku. Hicho kwangu ndicho kipimo.

Kwa kipimo hicho, koleo la kushikia sufuria, kama linavyotumiwa na Wahindi kwa sufuria zao zisizo na mikono, linashinda mpini wa kuchomoa. Kwa macho vinafanana, lakini mpini ni sehemu ya seti. Ukipotea, au jino lake likilegea, vyombo vinne vimekufa kwa siku moja. Koleo ni la sufuria yoyote, unaweza kuwa na mawili, moja kila upande, na likiharibika unanunua jingine mtaani. Hata hivyo koleo nalo halizuii msokoto wa ugali. Kwa hilo bado hatuna chombo. Tunasonga ugali kila siku, mamilioni yetu, na kitu cha kuishikia sufuria yake bado ni kitambaa na paja la mpishi.

Jambo hili linanisumbua zaidi sasa kwa sababu moto wetu unabadilika. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi waache kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono, kwa kuwa nimevuta moshi wa kutosha. Lakini ninachosikia ni habari za majiko na mitungi; za vyombo sisikii sana. Sufuria isiyo na mkono ilibuniwa kwa moto unaopanda kandokando. Moto ukiwa mdogo na unakaa chini, sababu ya kwanza ya kuondoa mkono inapungua, na inabaki sababu ya nafasi peke yake. Huu basi ndio wakati wa mafundi wetu wa bati na viwanda vyetu vya alumini kukaa na wanawake wanaopikia watu kumi katika jiko la hatua tatu, na kuwauliza. Wasiwaulize wanataka rangi gani. Wawatazame wakisonga.

Binti yangu alipopona alinipigia simu. Shikamoo, marahaba, habari za mtoto. Kisha akaniuliza kama zile sufuria za bibi bado ziko. Zipo, nikamwambia, ila ile ya tatu imetoboka. Nikampelekea sita. Tukasimama wawili katika jiko lile, tumebanana, tukitafuta pa kuziweka, na kabati lilikuwa limejaa. Mwishowe mkwe wangu, bila kuambiwa na mtu, alipiga magoti, akachungulia chini ya sinki, akatoa ndoo na chupa za sabuni, akaziingiza sita zote kwa mara moja.

"Zimeenea," akasema. "Nikirudi kazini nitakuwa nazitoa mimi."

Nilimnunulia koleo mbili. Ile seti bado ipo. Wanachemshia maziwa ya mtoto.